Panga Mwaka Wako Kuanzia Februari

Kaya nyingi za Kibiti na delta ya Rufiji hukaa kupanga matumizi Oktoba, korosho zinapoanza kwenda mnadani, kwa sababu hapo ndipo pesa inapoonekana. Nakushauri uanzie kwingine. Anza na Februari, Machi na Aprili. Mpunga bado uko shambani, pesa ya korosho imekwisha, njia za ndani zimeharibika kwa mvua, na ghalani kumebaki vumbi. Mwaka wa kaya ya huku huharibika katika miezi hiyo mitatu. Ukiivuka bila kuuza mazao yako yakiwa bado mtini, utapumua hata kama kipato chako ni kidogo. Ukiivuka kwa deni, msimu mzima unaofuata utakuwa unamfanyia kazi mtu mwingine.

Chukua daftari, andika miezi 12 kwa kushuka chini, na mbele ya kila mwezi jaza kinachoingia. Mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai kutegemea ulipanda lini. Ufuta huanza kuuzwa karibu na wakati huo huo. Mazao ya mlau, yaani mahindi, kunde na maboga uliyopanda maji ya mto yalipopungua, hufuata baadaye. Korosho ni Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka. Kamba huchangamka masika, nazi huanguliwa kila baada ya miezi michache, kaa hupatikana kwa kubahatisha. Kisha jaza kinachotoka. Januari kuna sare, madaftari na viatu. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa 2016, lakini mtoto haendi shule miguu mitupu. Ramadhani nayo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hii imeangukia palepale kwenye njaa: 2026 ilianza katikati ya Februari, na 2027 itaanza mapema Februari. Sukari, tambi na tende utazihitaji mwezi ule ule ambao huna kitu. Ukishayaona hayo kwa macho kwenye karatasi moja, mjadala wa mke na mume kuhusu pesa ya korosho hubadilika kabisa.

Baada ya hapo piga hesabu ya chakula. Kaya ya watu 6 inayopika kilo 2 za mchele kwa siku hutumia kilo 60 kwa mwezi, kilo 180 kwa miezi mitatu. Kilo 100 za mpunga kwenye mashine za vijijini hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Maana yake unahitaji kiasi cha kilo 280 hadi 300 za mpunga, magunia manne ya kilo 70 hadi 75, yatakayokaa mpaka Februari bila kuguswa. Ukichanganya na ugali wa muhogo siku kadhaa za wiki, matatu yanaweza kutosha. Yashone midomo, yaandike kwa wino mzito jina la mwezi, yaweke kwenye kichanja mbali na ukuta. Hifadhi mpunga, usihifadhi mchele: ganda hulinda punje, na ukikoboa kidogo kidogo pumba zake zinalisha kuku. Kunde ndizo zinazoliwa na wadudu upesi, kwa hiyo tafuta ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ujaze kunde kavu kabisa na ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu hukosa hewa humo bila dawa yoyote.

Najua utaniambia mpunga wenyewe hautoshi, na Julai kuna deni linalosubiri. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ndipo ninapotaka tukae.

Kangomba, yaani kununuliwa korosho zako kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, huingia nyumbani Februari au Machi, na mara nyingi huingia kwa upole. Mtoto ana homa, bibi yake yuko barazani, kijana mwenye pikipiki anasimama.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nasikia mjukuu hajambo kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Bado anachemka."

"Basi shika hii elfu sitini, umpeleke hospitali. Korosho zikianguka utanipa kilo sitini tu, hatudaiani zaidi."

Bibi amesaidiwa, na siku ile atamwombea kijana dua. Lakini tuseme Oktoba mnada unafunga kwa shilingi 2,500 kwa kilo. Kilo 60 zile zina thamani ya 150,000. Amekopa 60,000 na kulipa 90,000 juu yake, tena kijana akija kupima kwa kopo lake badala ya mizani, hata hizo kilo 60 zitakuwa 70. Serikali imeipiga marufuku biashara hii mara nyingi, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho 2007 uliwekwa ili mkulima auze kwa mizani na kwa mnada. Marufuku haitibu homa ya mtoto wala haipiki futari. Kangomba itaondoka barazani kwako siku ile utakapokuwa na mahali pengine pa kupata elfu sitini Februari. Mahali hapo ni majirani zako, mkiwa mmejipanga mapema.

Usidanganyike kwamba utapenya kwa kujibana peke yako. Mtu mwenye kipato cha huku ameshajibana mpaka mwisho; hana tena kikombe cha chai cha kupunguza. Kinachomuumiza ni kwamba pesa huja kwa mkupuo na shida huja kila wakati, na hakuna kaya moja inayoweza kuziba pengo hilo mwaka baada ya mwaka. Kaya 20 zinaweza, kwa sababu haziugui siku moja.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina tunayoijua leo vilianzia Maradi, Niger, 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Tanzania vilishika kasi kuanzia miaka ya 2000, na hapa kwetu vinaitwa VICOBA au hisa tu. Ukikaa kwenye kikao cha kikundi kizuri utaelewa kwa nini havihitaji benki. Sanduku la bati linawekwa katikati ya jamvi. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, wala aliyehifadhi sanduku hana ufunguo. Kabla ya kufungua, mwenyekiti anauliza: "Mara iliyopita tulifunga na ngapi?" Wanachama wanajibu kwa pamoja, kwa kichwa, kiasi cha hisa na kiasi cha mfuko wa jamii. Sanduku linafunguliwa, pesa zinahesabiwa kwa sauti kwenye bakuli, na zisipolingana na walichosema hakuna anayeinuka. Kila anayenunua hisa anagongewa muhuri kwenye kitabu chake mbele ya macho yake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Faini ya kuchelewa inalipwa palepale. Sijaona ofisi yenye ukaguzi wa hesabu mkali kuliko huo.

Ila nina neno na vikundi vyetu. Vingi vimenakili katiba za vikundi vya mjini, kama vya Mbagala, ambako mtu anauza chapati kila siku na ana mia tano kila Jumamosi. Mvuvi wa Mbwera au Salale hana Jumamosi, ana maji. Wiki ya bamvua, maji yanapojaa sana, wando wake wa kutegea samaki unakamata; wiki ya maji mafu anashona nyavu. Ukimtoza hisa kila wiki, nusu ya vikao atakopa kwa jirani ili alipe, au ataacha kuja kwa aibu. Wekeni kikao mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya bamvua, pesa ikiwa bado mkononi na haijafika dukani. Marejesho nayo yafuate mazao. Mkopo wa chakula wa Februari urudi Juni mpunga ukiwa umeingia, hata kama katiba za mjini zinasema miezi mitatu.

Jambo la pili ni siku ya kuvunja mfuko. Desturi ni Desemba. Kwa mwajiriwa ni sawa, kwa mkulima wa korosho ni hasara, kwa sababu Desemba tayari ana pesa ya mnada. Mgao unamkuta na pesa nyingine, na zote mbili zinaondoka pamoja kwenye harusi na redio. Vunjeni mwisho wa Januari. Walio na watoto wa shule wapewe sehemu mapema mwezini, na kinachobaki kiingie nyumbani siku chache kabla ya njaa kuanza. Nimeona watu wakibishana sana juu ya hili, na wanaobisha zaidi ni wale wanaotaka sherehe ya mgao yenye pilau na sare. Sherehe ni haki yenu. Lakini ipangeni Juni, mkiwa na mpunga.

Kuna wasomaji wengi ambao hawataingia kikundi chochote chenye riba kwa sababu ya dini, na wana haki. Wala hawana haja ya kubaki nje. Njia moja ni mkopo usio na nyongeza, ambapo kikundi kinabaki na hisa tu na kila mtu hupata alichoweka. Njia nyingine, ambayo mimi naiona bora kwa huku hata kwa wasio na tatizo na riba, ni ghala la kikundi. Juni na Julai, bei ya mpunga ikiwa chini, kikundi kinanunua kwa pesa taslimu mpunga wa wanachama wenye shida ya kuuza, kwa bei ya sokoni na kwa mizani. Mpunga unakaa ghalani. Februari wanachama wanauziwa kwa bei iliyokubaliwa tangu Julai, juu kidogo ya bei ya kununulia ili kufidia magunia, mlinzi na upungufu wa uzito, na chini ya bei ya duka. Faida ikibaki inagawanywa. Hiyo ni biashara halali, na inamaliza mambo matatu kwa pamoja: aliyetaka kuuza Julai ameuza bila kupunjwa, anayehitaji kula Februari anakula, na mpunga haukusafiri kwenda Dar es Salaam kisha ukarudi kwa bei mara mbili.

Wekeni masharti haya kwa maandishi: kila mwanachama asiuziwe zaidi ya magunia aliyoandikisha Julai, asiruhusiwe mtu kumnunulia mfanyabiashara, na atakayeshindwa kulipa taslimu alipe kwa mpunga mpya Juni. Ghala lenyewe liwe juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na wale waliokuwa na chakula chini walikipoteza chote. Wazee walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kwa sababu. Chumba cha sakafu iliyoinuliwa kwenye mwinuko wa kijiji, hata cha miti na udongo, ni bora kuliko cha matofali bondeni. Mto nao una bwawa la Julius Nyerere juu yake tangu maji yalipoanza kuzuiwa Desemba 2022, kwa hiyo usipange mlau kwa tarehe za babu yako. Sikiliza matangazo ya kufunguliwa maji, na panda kwa awamu mbili badala ya kutia mbegu zote siku moja.

Kikundi kikishasimama, kisajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii, na usajili hupitia halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao ulisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ombeni. Ila msiuingize kwenye bajeti mpaka uwe kwenye akaunti yenu.

Kuaminiana kunahitaji kulindwa, na Kibiti inajua gharama ya kukosa kuaminiana. Mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa, pikipiki zilizuiwa kutembea usiku, watu walifunga milango mapema na jirani akamtazama jirani kwa jicho jingine. Anzeni na watu mnaojuana nyumba kwa nyumba, 15 hadi 25. Msimwingize mtu kwa sababu ya cheo chake. Mweka hazina abadilishwe kila mwaka hata akiwa malaika, maana kumbadilisha kunamlinda yeye mwenyewe.

Nje ya pesa na mpunga, kuna mambo ambayo majirani wakiyafanya pamoja gharama yake hupungua sana. La kwanza ni kununua. Maskini huuziwa ghali kwa sababu hununua kidogo: mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko, sukari robo, sabuni kipande. Kaya tano zichange, mtu mmoja aende Kibiti mjini kwa nauli ya wote, alete dumu la mafuta la lita 20 na mfuko wa sukari, mgawane kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Fanyeni hivyo Desemba kwa ajili ya Ramadhani inayokuja. Na futari yenyewe iotesheni: muhogo uliopandwa mapema mwaka uliotangulia, magimbi penye unyevu, na ndizi nyuma ya nyumba vitawaokoa kuliko tambi.

La pili ni msiba na sherehe. Chama cha kufa na kuzikana kiwepo, chenye mchango mdogo wa kudumu unaotosha sanda, mbao na chakula cha siku ya kwanza, ili mfiwa asiuze mbuzi usiku. Kinunue masufuria makubwa, sahani, turubai na majamvi. Mkivikodisha kwa vijiji vya jirani vitajilipa. Kuhusu kutoa mwali na harusi, nitasema wazi ingawa najua litawaudhi baadhi ya shangazi zangu: sare za kanga zinatufilisi. Mwanamke mwenye mialiko minne kati ya Julai na Septemba ananunua doti nne, na anatunza mara nne, na pesa hiyo ni magunia yale ya Februari. Kikundi kikubaliane doti moja kwa msimu mzima, itakayovaliwa kwenye ngoma zote. Mwali atachezwa vilevile, na wote mtapendeza.

La tatu ni ugonjwa kwa wanaoishi visiwani. Mgonjwa wa Kiongoroni au Maparoni hufika bara kwa boti, na boti hudai petroli kabla ya kung'oa nanga. Mfuko wa jamii wa kikundi usikae wote kwenye sanduku: nusu yake iwe madumu ya petroli kwa mwenye boti mliyeandikishiana naye, kwamba mjamzito na mtoto mwenye degedege wanaondoka saa yoyote maji yakiruhusu. Bima nayo ulizeni zahanati mwezi wa mnada, si mwezi wa homa. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, na utaratibu unabadilika kufuatia sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023. Mtoeni mtu mmoja awaulizie wote na awalipie kwa pamoja.

Matumizi madogo sitayachambua sana. Loweka maharage usiku uokoe kuni. Samaki wa bamvua akiwa mwingi mfanye ng'onda au mbanike, umle maji mafu. Vocha ya bando inunuliwe mara moja kwa wiki, kwa simu moja ya nyumba. Kaa ukitaka kumuuza kwa bei nzuri, muuze pamoja na wenzako siku moja, mnunuzi asiwapitie mmoja mmoja. Mikoko msiiguse bila kibali: faini yake inakula mwaka mzima, na mazalia ya kamba yako humo humo.

Usiuweke mwaka wote kwenye zao moja pia. Msimu wa 2018/2019 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, bei ambayo kila mtu aliifurahia, na bado wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Waliokuwa na ufuta au mpunga walisubiri wakiwa wameshiba.

Pengine unasoma haya ikiwa ni Machi, ghala ni tupu na tayari umechukua pesa ya mtu. Fanya hivi. Usichukue nyingine kwa mkopeshaji wa pili ili kumlipa wa kwanza. Huo ndio mkopo wa kausha damu wenyewe, na ule wa kwenye simu hutuma meseji hadi kwa wakwe zako. Nenda kwa uliyemkopa, mwombe deni liandikwe kwa shilingi badala ya kilo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mkubaliane nyongeza inayojulikana. Wengi hukubali, kwa sababu nao wanaogopa kukamatwa na kangomba. Akikataa, liandikwe kwa kilo za mizani ya chama cha msingi, kopo lisitajwe. Kisha tafuta watu watano wenye shida kama yako, si lazima wawe 20. Limeni kwa zamu, leo kwako kesho kwa mwenzio, ili kusiwe na anayelipa kibarua cha palizi. Mkivuna Juni, kila mmoja atoe debe moja la mpunga kabla ya kulipa deni lolote, mliweke kwa yule mwenye nyumba iliyoinuka. Madebe sita hayatoshi kuwalisha nyote Februari, lakini yanatosha kumvusha mmoja wenu ambaye mtoto wake ataugua, na mwaka unaofuata mtoe mawili mawili.